Dodo Hakufa kwa Ujinga

Mtaje dodo mbele ya watu waliosoma, na hukumu itatoka papo hapo: alikuwa ndege mnene, mzito, mjinga, asiyejua hatari hata ikimsimamia mbele, na akaisha kwa sababu alistahili kuisha. Mtaje mbuni, utaambiwa huyo ndiye anayeficha kichwa mchangani akidhani haonekani. Hukumu hii imo katika vibonzo na vitabu vya watoto. Imo katika semina za biashara, ambako wafanyakazi huonywa wasiwe kama dodo. Na imo, kwa hasara kubwa zaidi, katika fikra za watu wanaoamua fedha za uhifadhi ziende wapi. Naipinga, na naipinga yote.

Haki inataka kwanza niieleze kama wenyewe wanavyoieleza. Wanasema hivi: bawa ndilo uhai wa ndege, na aliyeacha kulitumia mpaka likasinyaa amejiweka rehani kwa bahati. Aliishi salama kisiwani kwa kuwa hapakuwa na adui. Adui alipofika hakuwa na kinga, akatoweka. Hilo ndilo alilofundisha Darwin, na wazee walishasema mwenye nguvu mpishe. Wachache waliobaki wanazaliana ndugu kwa ndugu, damu yao imechoka, na kuwatumia fedha ni kuahirisha msiba. Na kama kweli tunawapenda, sayansi ya jeni imekaribia kuwarudisha hata waliokufa. Basi tusihangaike.

Hoja hii ina chembe za ukweli, na ndizo zinazoipa nguvu. Ni kweli ndege wengi wa visiwani hawakuwa na hofu ya wanyama wa miguu minne. Ni kweli kundi dogo hupata matatizo ya jeni. Lakini kutoka kwenye kweli hizo mpaka kwenye hukumu ya mwisho pana mashimo manne, na nitayapitia moja baada ya jingine. Mwishoni nitasema hasara yake kwetu sisi.

1. Bawa fupi ni kazi ya uteuzi wa asili

Kuruka kuna gharama. Ndege arukaye hubeba kidari kizito cha misuli, na misuli hiyo inataka chakula kila siku. Kwa ndege anayeishi mahali ambapo riziki yake iko chini na hakuna wa kumkimbiza, chakula kinachotunza misuli hiyo kimetolewa kinywani mwa watoto wake. Kizazi baada ya kizazi, wenye mabawa madogo na miguu imara huzaa zaidi kuliko wenzao. Huo ni uteuzi wa asili wenyewe ukifanya kazi. Mtu hawezi kumwita Darwin kuwa shahidi dhidi ya dodo, huku bawa la dodo likiwa limefupishwa na utaratibu uleule ambao Darwin aliueleza.

Ushahidi wa wazi tunao katika bahari yetu. Aldabra ni kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli, zaidi ya kilomita 600 kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Huko anaishi ndege wa jamii ya kukuziwa, mwenye koo jeupe, kifua cha rangi ya kahawia na miguu ya kukimbia. Ndiye wa mwisho kati ya ndege wasioruka wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Wazee wake walitoka Madagaska kwa mabawa yao. Mwaka 2019 watafiti Julian Hume na David Martill walichapisha uchambuzi wa mifupa ya kale iliyopatikana kisiwani humo. Kukuziwa walifika Aldabra wakaacha kuruka. Kisha, miaka ipatayo 136,000 iliyopita, bahari ilipanda ikakifunika kisiwa kizima, nao wakafa wote. Kisiwa kilipoibuka tena, kukuziwa wengine walivuka kutoka Madagaska, na hao nao wakaacha kuruka. Kisiwa kilekile, ukoo uleule, njia ileile mara mbili. Kosa halijirudii kwa mpangilio wa namna hiyo. Kinachojirudia hivyo ni jibu sahihi kwa mazingira.

Jeni zinasema vivyo hivyo. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mbuni, emu, kiwi na jamaa zao walirithi hali yao kutoka kwa babu mmoja asiyeruka, wakatenganishwa mabara yalipoachana. Mwaka 2014 DNA ya kale ilionyesha kuwa ndugu wa karibu zaidi wa kiwi wa Nyuzilandi ni ndege-tembo wa Madagaska aliyetoweka. Bahari iliyo kati yao ni pana mno kutembewa. Wazee wao waliruka, na kila ukoo ukaacha kuruka kwa wakati wake. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulilinganisha DNA za ndege hawa ukakuta kuwa sehemu kubwa ya mabadiliko yanayohusiana na mabawa yao imo katika vipande vinavyoamuru jeni ifanye kazi lini na mahali gani mwilini. Maelekezo yalirekebishwa, na viumbe wenyewe wakabaki timamu.

Mnandi wa Galapagos ana mabadiliko katika jeni zinazoongoza ukuaji wa mifupa, mojawapo ikiitwa CUX1. Mabawa yake hayamwinui, lakini huzama mpaka sakafu ya bahari akakamata samaki na pweza. Pengwini mkubwa wa Antaktika hupiga mbizi zaidi ya mita 500. Anayewaita viumbe hawa waliopungukiwa amewapima kwa kazi wasiyoifanya, akafumba macho kwa kazi wanayoifanya.

Na mbuni wetu? Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi, miaka ya 1970, mtafiti Brian Bertram aliwafuatilia mbuni viotani. Majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, ambacho ni shimo jepesi tu ardhini, lakini anayeatamia ni jike mkuu akisaidiana na dume. Mwili mmoja hufunika mayai kama 20, na mara nyingi kiotani huwa na zaidi ya hapo. Jike mkuu huinama, akayasogeza kwa mdomo. Yake huyabakiza katikati. Yanayozidi, ya majike wengine, huyasukuma nje ya duara, ambako ndiyo yatakayoliwa kwanza adui akifika. Anayatambua yaliyo yake kati ya mayai ambayo machoni petu yote ni sawa. Mtu aliye mbali huona shingo imeinama na kichwa hakionekani, akaenda kusimulia hadithi ya mchanga. Pale kiotani palikuwa na mama anayelinda uzao wake kwa hesabu ambayo wengi wetu tusingeiweza.

2. Aliyeuawa hakuteuliwa

Hoja ya pili inasema walioshindwa kuendana na mabadiliko waliondolewa na maumbile. Hebu tuangalie kumbukumbu za vifo vyenyewe.

Dodo walikuwa njiwa wakubwa wa Morisi. Mifupa iliyofukuliwa katika kinamasi cha Mare aux Songes inaonyesha kuwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita walipigwa na ukame mkali, wengi wakafia kwenye maji yaliyokuwa yakikauka. Spishi ilivumilia, kama ilivyovumilia vimbunga vya bahari ile. Mwaka 1598 Waholanzi walitia nanga. Rekodi ya mwisho ya dodo inayokubaliwa na wengi ni ya mwaka 1662. Katika miaka 64 hiyo panya, nguruwe, mbuzi na kima walioletwa na meli walimwandama ndege ambaye, kwa masimulizi ya mabaharia, alitaga yai moja chini ya miti. Na ule ujinga wake? Mwaka 2016 watafiti walipima nafasi ya ubongo katika fuvu la dodo wakakuta inalingana na mwili wake kama ilivyo kwa njiwa wengine. Dodo alikuwa na akili za njiwa wa kawaida. Hakuna akili ya njiwa inayomfundisha kulinda yai lake dhidi ya panya asiyewahi kuwepo duniani mwake.

Moa wa Nyuzilandi nao husemwa kwamba walikuwa wamedekezwa na kisiwa kisicho na maadui. Si kweli. Juu yao aliruka tai wa Haast, mkubwa kuliko tai wote tunaowajua, aliyewinda moa. Waliishi naye. Watu walipofika katika karne ya 13, moa waliwindwa, mayai yao yakaliwa, misitu yao ikachomwa, na baada ya takriban karne mbili hapakuwa na moa. Utafiti wa DNA ya mifupa yao uliochapishwa mwaka 2014 haukuona dalili yoyote kwamba walikuwa wakipungua kabla ya watu kufika.

Oki mkubwa wa Atlantiki ya Kaskazini, ndege wa baharini asiyeruka, aliuawa kwa nyama, mafuta na manyoya ya kujazia mito. Jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa mwaka 1844 katika kisiwa cha Eldey, Iceland, kwa ajili ya wakusanyaji wa vielelezo. DNA yake pia ilichambuliwa, mwaka 2019: ndege alikuwa na jeni za aina nyingi, bila alama za ukoo unaofifia. Uwindaji peke yake ulitosha kummaliza.

Wanaosema tatizo ni kuzoea visiwa wamtazame mbuni wa Arabuni. Huyu hakuwahi kudekezwa na kisiwa chochote. Aliishi jangwani miongoni mwa chui na duma, akawindwa kwa farasi na mishale kwa karne nyingi, na bado akawepo. Bunduki za kisasa na magari vilipoingia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hakufika mbali. Katikati ya karne ya 20 alikuwa ametoweka. Kukimbia kilomita 70 kwa saa ni kinga dhidi ya simba, na si kinga dhidi ya risasi inayotoka kwenye gari.

Kuruka nako hakukuwa kinga. Njiwa msafiri wa Marekani ya Kaskazini aliruka kwa kasi kubwa, kwa makundi ya mamilioni yaliyofunika jua. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Kama mabawa yangekuwa kigezo, huyo ndiye angebaki.

Hesabu ya jumla inatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya spishi 581 za ndege zilizotoweka tangu binadamu alipoanza kusambaa duniani. 166 kati yazo hazikuruka. Leo spishi zisizoruka zimebaki kama 60. Yaani tunapouona ulimwengu wenye ndege wachache wasioruka na kusema hali hiyo ni ya nadra kwa kuwa haifai, tunausoma ulimwengu ambao tumekwisha kuupunguza kwa mikono yetu. Mtu akichoma nyumba ya jirani usiku, hatusemi marehemu walikosa sifa ya kustahimili moto. Tunamtafuta aliyewasha kiberiti.

3. Damu haijachoka

Hoja ya tatu imevaa joho la sayansi: wachache huzaliana wao kwa wao, kasoro hujilimbikiza, ukoo hufa kwa ndani. Kanuni ni ya kweli. Kosa ni kuigeuza hukumu ya kifo kabla ya kupima.

Kakapo amepimwa. Ni kasuku wa Nyuzilandi, mzito kuliko kasuku wote, asiyeruka, mwenye kutembea usiku. Dume huchimba kishimo mlimani, akakaa ndani yake, akajaza hewa kifuani na kutoa mvumo mzito unaosikika kilomita kadhaa, usiku kucha, kuwaita majike. Majike nao hutaga miaka ile tu ambayo mti wa rimu unaelekea kuzaa sana, kwa hiyo uzazi ni wa pole pole. Mwaka 1995 kakapo walikuwa 51. Karibu wote walitokana na kisiwa cha Stewart. Kutoka bara, yaani kisiwa kikuu, alipatikana dume mmoja tu aliyekuja kuzaa, aliyeitwa Richard Henry, aliyekutwa Fiordland mwaka 1975. Kwa hesabu ya wakatisha tamaa, hapo palikuwa pa kuchimba kaburi.

Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu zao, wa walio hai na wa kale waliohifadhiwa makumbusho. Ndege wa Stewart walikuwa wametengwa, wachache, kwa takriban miaka 10,000. Ilitarajiwa wawe wamejaa kasoro. Wakakutwa na mabadiliko hatari machache kuliko ndege wa bara waliokuwa wengi. Sababu yake inaeleweka: katika kundi dogo, kasoro iliyojificha hukutana mapema na nyingine kama hiyo kwa mtoto mmoja, mtoto huyo hakui, na kasoro huondoka naye. Miaka mingi ya uchache ilikuwa imewasafisha.

Sisemi hawana shida. Mayai mengi ya kakapo hayaanguliwi, na uhaba wa aina za jeni unachangia. Lakini shida inayojulikana hutibiwa. Jenomu za karibu ndege wote zimesomwa, kwa ushirikiano na watu wa Ngāi Tahu, ambao kakapo ni amana yao. Wahifadhi hutumia taarifa hizo kuamua dume gani ahamishiwe kisiwa gani, na uhimilishaji umetumika pale uzazi wa kawaida uliposhindwa. Juu ya yote, ndege wamewekwa visiwani mlikoondolewa panya, paka na wanyama wa jamii ya kicheche. Mwaka 2022 walifikia 252.

Takahe, kukuziwa mkubwa wa milimani, alidhaniwa ametoweka mpaka alipokutwa tena mwaka 1948 katika milima ya Murchison. Mwaka 2023 walikuwa wapatao 500. Na kule Aldabra, paka walikuwa wamewamaliza kukuziwa katika Picard, kimoja cha visiwa vinavyoiunda Aldabra. Paka walipoondolewa, mwaka 1999 walirudishwa ndege 18. Wakazaana wakakijaza kisiwa. Damu iliyochoka haizai hivyo. Kilichokuwa kimewazuia ni paka.

4. Maabara haina kisiwa

Imebaki ahadi ya kuwarudisha wafu. Januari 2023 kampuni ya Marekani iitwayo Colossal Biosciences ilitangaza mpango wa kumrudisha dodo. Njia inayoelezwa ni kuchukua seli za uzazi za njiwa, kubadili jeni zake zielekee za dodo, na kuzipandikiza katika kuku waliotayarishwa kuzibeba. Ndugu wa karibu wa dodo aliye hai ni njiwa wa Nicobar. Kitakachoanguliwa, kazi hiyo ikifaulu, kitakuwa njiwa aliyerekebishwa afanane na dodo katika sehemu zilizochaguliwa.

Sina ugomvi na ufundi wenyewe. Unaweza kuwafaa ndege walio hai, kwa mfano kurudisha aina za jeni zilizopotea. Ugomvi wangu ni na faraja inayotolewa kwa jina lake. Kwanza, faraja hiyo inajipinga yenyewe. Anayesema kakapo 51 walikuwa wachache mno kuwa na kesho, atasemaje ndege wachache wa maabara, waliotokana na jenomu za vielelezo vya kuhesabika, wanaweza kuanzisha taifa? Ama uchache ni hukumu ya kifo kwa wote, ama si hukumu kwa yeyote.

Pili, dodo huyo atakaa wapi? Misitu ya asili iliyo katika hali nzuri Morisi ni chini ya asilimia 2 ya nchi. Panya wapo, nguruwe wapo, kima wapo. Waliommaliza wa kwanza ndio watakaompokea wa pili. Na kama wanaweza kuondolewa kwa ajili ya ndege wa maabara, wangeweza kuondolewa leo kwa ajili ya ndege wa Morisi walio hai bado na wanaohangaika.

Tatu, ahadi hii inapunguza uzito wa kupoteza. Aldabra yenyewe nusura iharibiwe miaka ya 1960, Uingereza ilipopanga kujenga uwanja wa ndege za kivita humo. Wanasayansi walipinga kwa nguvu, mpango ukaachwa, na mwaka 1982 kisiwa kikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wapinzani wale walisimama imara kwa sababu waliamini kilichoko Aldabra hakina mbadala. Waambie watu kuwa kila kitu kina nakala kwenye friji, na safari nyingine hutapata wa kusimama nawe.

5. Hasara yetu

Mtu wa Dodoma au Isiolo anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa kuwa ndege mkubwa kuliko wote duniani yuko kwake, na dharau ileile inamwandama.

Tulizoea kusema mbuni ni mbuni tu. Jeni zilionyesha kuwa mbuni wa Kisomali, yule wa shingo na mapaja ya rangi ya bluu-kijivu anayeishi kaskazini na mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, aliachana na wenzake mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu mwaka 2014 anatambuliwa kimataifa kuwa spishi kamili, na amewekwa katika daraja la walio hatarini. Mtu anayeamini kwamba mbuni ni kituko cha maumbile hatajali tofauti hiyo. Ataruhusu mbuni wa kufugwa wa asili nyingine wachanganywe nao. Ataona mayai kuwa mapambo ya dukani. Atajenga uzio wa nyaya nyanda nzima bila kuacha njia, akisahau kuwa huyu ni ndege ambaye hawezi kupita juu yake.

Huo ndio ubaya wa hukumu ninayoipinga. Inamhamisha mwenye makosa. Ikikubalika kuwa ndege alikufa kwa ujinga wake, basi nahodha aliyeshusha panya hana hatia, aliyemwachia paka kisiwani hana hatia, aliyepiga risasi kutoka kwenye gari hana hatia, na afisa anayekataa bajeti ya kukagua mizigo ya meli amefanya uamuzi wa busara. Wote wanajificha nyuma ya jina la Darwin.

Kinachowaua ndege hawa kinajulikana, na kinachowaokoa kinajulikana. Ni paka na panya kuondolewa visiwani, mizigo ya boti kukaguliwa kabla ya kushushwa, uzio kuachiwa njia, mayai kuachwa kiotani, na jenomu kusomwa wakati ndege bado yuko hai. Kazi hizi ni za kawaida, na kila moja imeshafanyika mahali fulani ikaleta matokeo. Serikali au mfadhili anayekataa kuzifanya ana haki ya kusema fedha hana au ana mambo mengine ya kutanguliza, tutajadiliana naye. Hana haki ya kusema maumbile yalishaamua. Maumbile yaliwaweka ndege hawa hai tangu kale kabla yetu, na uamuzi wa kuwaondoa umekuwa wetu.